Ferguson TEA20 inazima ikipata moto, ikipoa inawaka: koili, kondensa au mafuta?

Jembe_la_Chuma
Habari wakuu. Nina Ferguson TEA20 ya petroli, ile ya kijivu yenye injini ya Standard. Asubuhi haina shida: unapeleka gia kwenye S (nafasi ya kuwashia), stata inazungusha, inashika. Inalima kama nusu saa hivi, halafu inaanza kukohoa, nguvu inapungua, inazima. Ukipiga stata hapo hapo inazunguka tu, haishiki. Ukiiacha ipoe inawaka tena na kufanya kazi vizuri, mpaka ipate moto.

Betri nzima, plagi mpya, na pointi, zile za ndani ya distributa (kigawa cheche) zinazokata na kuunga umeme wa koili, zimesafishwa. Fundi mmoja kasema koili, mwingine kasema kondensa, na wote wawili wamesema kwa kuangalia tu. Mimi nataka kupima kwanza kabla sijabadilisha kitu. Mnapimaje?

Koili_Moto
Koili hiyo, mkuu. Dalili zako zote zinaelekea huko. Ndani ya koili kuna waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mizunguko, na kila mzunguko umetenganishwa na mwenzake kwa kihami chembamba sana. Kihami kikizeeka, joto likipanda umeme unaanza kuvuja humo humo ndani badala ya kwenda kwenye plagi. Ikipoa inajirudi. Ndiyo maana ukiipima asubuhi ikiwa baridi utaambiwa ni nzima.

Jambo la pili, hakikisha ni koili inayostahili hapo. Toa nyaya, weka mita kati ya zile skrubu mbili ndogo. Koili ya volti 12 isiyohitaji rezista (ya kupunguza umeme) huwa karibu omu 3. Ya volti 6 huwa karibu omu 1.5. Ukifunga hiyo ya 1.5 kwenye betri ya 12 bila rezista, zinapita ampea 8 mahali pa kupita 4. Trekta litawaka vizuri na kufanya kazi vizuri, ila koili itachemka, na pointi zitaungua. Nimekuta matrekta mengi ya namna hiyo. Mtu kaikuta koili stoo, kaifunga, imewaka, akaridhika.

Bi_Spana
Nampinga Koili_Moto kwa heshima. Koili hulaumiwa kuliko kifaa kingine chochote kwa sababu ni kubwa na inaonekana. Kondensa ni ndogo, imejificha ndani ya distributa, na ndiyo inayokaa kwenye joto la injini.

Kondensa ina kazi mbili. Pointi zinapofunguka, inapokea umeme ambao ungeruka katikati yake. Na kwa kufanya hivyo inafanya sumaku ya koili ianguke ghafla, na huko kuanguka ghafla ndiko kunakoleta cheche ya plagi. Kondensa ikivuja, sumaku inaanguka polepole na cheche inakuwa dhaifu hata kama koili ni mpya.

Namna ya kuangalia: fungua kofia ya distributa, mtu azungushe stata, wewe tazama pointi penye kivuli. Cheche ndogo hafifu ni kawaida. Ukiona inawaka kubwa ya manjano, kondensa imekwisha. Pia angalia uso wa pointi. Kama upande mmoja una shimo na mwingine una kilima, chuma kimehama, na chanzo mara nyingi ni kondensa isiyolingana na koili.

Tangi_Juu
Poleni na kazi. Mbona kila mtu amekimbilia umeme? Soma tena alivyoandika: "inaanza kukohoa, nguvu inapungua, inazima". Trekta likikosa cheche huzima ghafla. Linalokohoa na kupungukiwa nguvu linakosa mafuta.

TE20, ukoo mzima wa TEA20 yako, haina pampu ya mafuta. Tangi liko juu ya injini, mafuta yanashuka yenyewe. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kikiziba, ndani ya tangi unabaki utupu na mafuta hayashuki. Ukisimama, hewa inaingia taratibu, bakuli la kabureta linajaa, trekta linawaka, wewe unadhani limepoa. Vivyo hivyo kutu ya tangi: inavutwa mpaka kwenye koki, inaziba, ukisimama inazama chini.

Kipimo ni rahisi. Likizima, kabla ya kugusa kitu kingine, fungua ile bolti ya chini ya kabureta na uweke kopo. Mafuta yatoke kwa mfululizo bila kupungua. Yakianza vizuri kisha yakawa matone, achana na koili.

Koili_Moto
@Tangi_Juu si kweli kwamba ukosefu wa cheche siku zote huzima ghafla. Swichi au waya uliokatika huzima ghafla, hapo sawa. Koili inayochemka hudhoofika polepole: kwanza inakosa kwenye mzigo mkubwa, kisha inakosa kila mahali. Kwa aliye kwenye usukani inafanana kabisa na njaa ya mafuta.

Njano_Nyekundu
Na usisahau kuhakikisha nyaya za plagi zimekaa sawa kwa mpangilio wa silinda kuwaka, 1-2-4-3.

Bi_Spana
@Njano_Nyekundu hapana, usimpoteze mwenzio. 1-2-4-3 ni matrekta ya Ford: 9N, 2N na 8N. Ferguson yenye injini ya Standard ni 1-3-4-2. Akifuata yako, trekta linalowaka asubuhi halitawaka kabisa.

Njano_Nyekundu
Sawa, dada. Mimi nina 8N nikadhani ni ndugu, yanafanana mpaka boneti.

Mzee_Magneto
Udugu upo kweli, vijana. Harry Ferguson na Henry Ford walipeana mikono mwaka 1938, na 9N ikatoka 1939 ikiwa na mfumo wa haidroliki wa Ferguson. Ferguson naye TE20 yake ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Mapatano yao yakavunjika, Ford wakatoa 8N mwaka 1947 bila yeye, na wakafikishana mahakamani. Kwa hiyo sura na haidroliki ni za ukoo mmoja, ila injini na umeme si vitu vimoja. Usichukue vipimo vya hili ukafungia lile.

Sasa mimi nasema hivi: kama mngekuwa na magneto, uzi huu usingekuwepo. Magneto haitaki betri, haitaki koili ya nje, haitaki rezista. Sumaku inazunguka, umeme unatoka.

Tangi_Juu
Tulikuwa tunakusubiri Mzee, tulijua hautapita uzi wa cheche bila kuitaja magneto.

Njano_Nyekundu
Wakuu, samahani kuingilia, na langu nalo linanisumbua. 8N, distributa iko mbele ya injini. Aliyeniuzia aliibadilisha kutoka volti 6 kwenda 12. Inawaka, lakini koili haishikiki kwa mkono baada ya muda mfupi.

Koili_Moto
Hilo halina ubishi. 8N za mwanzo zina distributa ya mbele na ile koili ya mraba inayokaa juu yake. Zilitoka kiwandani na volti 6, chanya ikiwa athi (imefungwa kwenye bodi ya trekta), na rezista kwenye mstari wa koili tangu wakati huo. Ukipandisha kuwa 12, rezista ile ya zamani peke yake haitoshi kwa koili ya volti 6. Ama uweke koili ya mraba ya volti 12, ama uongeze rezista nyingine. Na usiwashe swichi ukaiacha bila injini kuzunguka. Pointi zikiwa zimefungana, umeme unapita bila kukoma na koili inajipika.

Zile za baadaye, kuanzia namba ya mfululizo 263844 mwaka 1950, distributa yake iko ubavuni na koili ni ya duara. Na pointi zake zinapimwa tofauti: distributa ya mbele ni inchi 0.015, ya ubavuni ni inchi 0.025. Wengi wanatumia fila (kipimo cha upana wa pointi) moja kwa zote mbili, kisha wanashangaa trekta kukosa nguvu.

Bi_Spana
Ongeza hapo: kwenye distributa ya mbele, kuna ukanda mdogo wa shaba unaopeleka umeme wa koili kwenye pointi, na umetengwa na ukuta wa distributa kwa kihami. Kihami kikichakaa ukanda unagusa bodi na cheche inapotea yote. Ukifungua kuangalia unausogeza bila kujua, inawaka, unadhani umetibu. Ipime kwa mita: pointi zikiwa wazi, pasiwe na njia kati ya ukanda na bodi.

Pia shika shafti ya distributa uitikise kwa pembeni. Ikicheza, bushi zimekwisha, na upana wa pointi unabadilika kila mzunguko. Hapo utaweka fila kila siku na hautapata kipimo.

Njano_Nyekundu
Shukrani sana. Naanza na omu kesho.

Chipu_Ndogo
Mimi nashangaa watu bado mnahangaika na pointi. Toa zote, weka ile ya kielektroniki inayokaa ndani ya distributa. Haina pointi wala kondensa, haihitaji fila. Niliweka kwangu, naifungua kofia mara chache sana.

Mzee_Magneto
Na siku ikifa? Pointi zikichafuka katikati ya shamba, nasafisha kwa kipande cha kadi ngumu, naendelea kulima. Hicho kidude chako kikifa, unaita wa kukuvuta. Tena ukikosea chanya na hasi mara moja tu, kimekufa.

Chipu_Ndogo
Mzee, nabeba sahani ya pointi za zamani ikiwa imeshapangwa kwenye sanduku la vifaa. Kikifa narudisha. Hilo la chanya na hasi nakubali, lazima ununue ya athi inayolingana na trekta lako.

Koili_Moto
Lakini @Chipu_Ndogo, kama koili ya ndugu yetu inachemka, ya kielektroniki haitamsaidia. Tena baadhi yake hazitaki nyaya za plagi za shaba tupu, zinataka zenye ukinzani. Yeye bado hajajua ugonjwa, usimpe dawa.

Spana_Kumi_na_Tatu
Kuhusu kusafisha pointi: msitumie msasa. Chembe zake zinabaki kwenye chuma na zinazuia mguso. Tumia tupa laini ya pointi, kisha vuta kadi safi katikati. Na pointi mpya zinakuja na ukungu wa mafuta ya kuzuia kutu, mtu anazifunga hivyo hivyo, trekta haliwaki, analaumu koili.

Jembe_la_Chuma
Asanteni wote. Nimepima koili: omu 3 na kidogo, kwa hiyo ni ya kwake. Nyaya ziko 1-3-4-2. Swali: nikishika plagi nje ikiwa imegusa bodi, naona cheche ya bluu. Si ina maana umeme ni mzima?

Bi_Spana
Haina maana hiyo. Plagi ikiwa nje iko kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ile ile. Koili dhaifu inaweza kukuonyesha cheche nzuri mkononi na ikashindwa ndani. Acha plagi. Chukua waya wa katikati unaotoka kwenye koili, ushike kwa koleo lenye mpira, uuweke milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma kitupu mbali na kabureta, mtu azungushe stata. Iruke kwa mlio, bila kukosa. Uifanye ikiwa baridi, kisha uifanye tena dakika ile ile inayozima. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo jibu lako.

Mtu_wa_Nyaya
Rangi nayo mnaitegemea mno. Cheche juani inaonekana hafifu, kivulini inaonekana bluu. Umbali inaoruka ndio wa kuaminika.

Kingine ambacho hakijasemwa: angalia koili imefungwa upande gani. Za Lucas za zamani zimeandikwa SW na CB. SW inakwenda kwenye swichi, CB kwenye distributa. Mtu akigeuza athi ya trekta bila kugeuza nyaya za koili, cheche inatoka kinyume. Elektrodi ya katikati ya plagi ndiyo yenye moto zaidi, na elektroni hutoka kwa urahisi kwenye chuma chenye moto, kwa hiyo inatakiwa iwe hasi. Ikigeuzwa, koili inahitaji volti zaidi kwa kazi ile ile. Trekta litawaka, ila likipata moto na mzigo litakosa. Nadhani hapa ndipo penye shida yako.

Koili_Moto
Hilo ni zuri, ila lingemsumbua asubuhi pia.

Mtu_wa_Nyaya
Si lazima. Asubuhi koili ni baridi na ina akiba ya kutosha kufidia.

Petroli_na_Taa
Mkuu Jembe_la_Chuma una uhakika ni TEA20 na si TED20? Nauliza kwa sababu TED20 ni ya mafuta mazito ya taa: unaiwasha kwa petroli, ikipata moto unahamishia kwenye taa. Ukiwahi kuhamisha, mafuta hayageuki mvuke vizuri, plagi zinalowana na inakohoa hivyo hivyo. Inakuwa na matangi mawili ndani ya moja, na koki ya njia mbili.

Jembe_la_Chuma
Ni TEA20, bamba la namba lipo na tangi ni moja.

Trekta_Moja_Silinda_Moja
Nawasoma nikiwa na Field Marshall yangu. Silinda moja ya dizeli, karatasi inayofuka moto kwenye kichwa cha silinda, na ukitaka unaiwasha kwa risasi isiyo na kichwa. Hakuna koili, pointi wala plagi.

Tangi_Juu
Na ikigoma majirani wote wanajua. Karibu, ila tuachie uzi wa wenye plagi.

Jembe_la_Chuma
Mrejesho. Leo nimelima mpaka ikazima, nikafanya vipimo vyote viwili hapo hapo. Waya wa koili: asubuhi uliruka milimita 6 kwa mlio bila kukosa. Ilipozima uliruka lakini kwa kukosa kosa, na nikiusogeza karibu unatulia. Bolti ya kabureta: mafuta yalianza kwa mfululizo mzuri, kisha yakapungua yakawa kama uzi. Nikalegeza kifuniko cha tangi, yakaongezeka kidogo. Nikaliwasha, likashika, likafanya kazi muda mrefu kuliko kawaida, halafu likazima tena.

Koili_Moto
Umesikia mwenyewe. Cheche inakosa ikiwa moto.

Tangi_Juu
Na mafuta yanapungua likiwa moto. Amelegeza kifuniko, limefanya kazi muda mrefu zaidi. Kuna nini tena hapo?

Bi_Spana
Cheche ya kukosa kosa inaweza kuwa kondensa, inaweza kuwa koili. Usinunue vyote viwili kwa pamoja, hautajua kilichokuwa kibovu. Funga kondensa yoyote nzima nje ya distributa: waya wake kwenye skrubu ya CB ya koili, mwili wake kwenye chuma, ile ya ndani umeitoa. Lima. Ikizima vile vile na cheche ikawa vile vile, kondensa ina kesi safi. Na tahadhari, kondensa mpya si lazima iwe nzima, nyingi za siku hizi zinakufa mapema. Ya zamani iliyotoka kwenye injini inayofanya kazi naiamini zaidi.

Mtu_wa_Nyaya
Kabla ya hapo pima volti kwenye SW likiwa limezima kwa moto, swichi ikiwa imewashwa na pointi zimefungana. Kama unasoma 9 badala ya karibu 12, basi swichi au waya wake unakula umeme, na koili na kondensa hazina kosa lolote. Swichi za umri huo zinapata moto ndani.

Tangi_Juu
Na mimi namwomba atoe koki yote ya mafuta, asafishe ule wavu unaoingia ndani ya tangi, na aangalie bomba la mafuta linapita umbali gani na ekzosi. Likigusana karibu, petroli inachemka kwenye bomba na mvuke unaziba njia. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakuna cha kununua.

Jembe_la_Chuma
Nitaanza na volti kwenye SW, kisha koki, kisha kondensa ya nje. Kimoja kimoja. Nitaleta majibu.

Kizungusho
Naomba nidandie hapa hapa. Nina Fordson Model N yenye magneto. Nikizungusha kwa handeli haiwaki kabisa. Rafiki yangu anasema nipeleke waya wa betri ya volti 12 kwenye skrubu ya magneto niipe nguvu.

Mzee_Magneto
USIFANYE HIVYO. Magneto inajitengenezea umeme wake. Ukiipa betri utaunguza waya wa ndani au utadhoofisha sumaku, na hapo utakuwa umeharibu kitu ambacho pengine hakikuwa kibovu.

Kumbuka pia magneto inazimwa kinyume na koili. Koili unaikatia umeme, magneto unaipeleka athi. Kwa hiyo waya wa kuzimia ukichubuka na kugusa chuma, trekta halitawaka kamwe hata magneto iwe mpya. Toa huo waya kwenye skrubu ya magneto, uache ning'inie hewani, kisha jaribu.

Kama bado, zungusha handeli polepole na usikilize. Magneto yako ikiwa na impalsi, lazima isikike "tak!" kila inapofikia mahali pake. Ni springi inayoishikilia magneto nyuma na kuiachia kwa kasi, ili cheche itoke pistoni ikiwa imefika juu. Kimya maana yake imegandishwa na grisi kavu, au springi imekatika. Bila impalsi cheche inatoka mapema, na handeli itakurudi mkononi. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie handeli, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Watu wamevunjika mikono.

Kizungusho
Asante Mzee. Waya wa kuzimia umefungwa na gundi ya umeme sehemu mbili, natoa sasa hivi. Sauti ya "tak" sijawahi kuisikia kwenye trekta hili.

Mzee_Magneto
Basi ukishautoa huo waya, fungua magneto na uangalie kama impalsi ipo kweli. Kuna waliowahi kuzing'oa. Piga picha uiweke hapa kabla ya kulegeza skrubu yoyote ya ndani.